Kupima jinsi ardhi ya mji inavyobadili tetemeko: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko la ukubwa wa 8.0 lilitokea kwenye pwani ya Michoacán, nchini Meksiko. Jiji la Mexico liko zaidi ya kilomita 350 kutoka hapo, na kwa umbali huo mtu angetarajia mtikisiko ufike ukiwa umechoka. Kwenye kampasi ya chuo kikuu upande wa kusini wa jiji, iliyojengwa juu ya mwamba wa volkano, ndivyo ilivyokuwa: mchapuko wa juu kabisa uliopimwa ulikuwa kama asilimia 3 hadi 4 ya ule wa mvutano wa dunia. Kilomita chache kutoka hapo, juu ya kitako cha ziwa la kale, chombo kingine kilipima karibu asilimia 17. Maelfu ya watu walikufa siku ile, na sehemu kubwa ya maafa ilikuwa juu ya udongo wa ziwa.

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetakiwa kujua tofauti za namna hiyo ndani ya mji kabla tetemeko halijazionyesha lenyewe: mhandisi wa manispaa, mjiolojia, mpangaji miji, mwanafunzi anayeanza utafiti. Kazi hii haihitaji bajeti kubwa ili ianze, ila inahitaji mpangilio na uaminifu. Zaidi ya yote inahitaji swali sahihi. Wengi huanza kwa kuuliza kama ardhi ya mtaa fulani ni nzuri au mbaya. Uliza hivi badala yake: ardhi hii hukuza mtikisiko wa kipindi gani (yaani muda wa mtikiso mmoja kwenda na kurudi), na ni majengo gani yaliyo juu yake yenye kipindi hicho hicho?

Kwanza elewa kinachotokea chini

Wimbi la tetemeko linapotoka kwenye mwamba mgumu na kuingia kwenye udongo laini, mwendo wake hupungua. Nishati iliyobebwa haipotei kwa sababu hiyo, basi wimbi linalokwenda polepole hutikisa kwa upana zaidi. Tena, sehemu ya wimbi hunaswa kati ya uso wa ardhi na mwamba, ikidunda juu na chini, na kuna kipindi ambacho midundo hiyo hujumlishana badala ya kufutana. Hiyo ndiyo resonansi. Kwa tabaka moja la udongo juu ya mwamba, kipindi chake hupatikana hivi:

T = 4H ÷ Vs

H ni unene wa udongo kwa mita, na Vs ni kasi ya mawimbi ya S, yaani yale yanayotikisa ardhi kiubavu, kwa mita kwa sekunde. Chukua udongo wa ziwa wenye unene wa mita 40 na kasi ya mita 75 kwa sekunde, hali inayokaribiana na maeneo yaliyoumia Mexico. Unapata sekunde 2.1.

Sasa geukia majengo. Kwa makadirio ya haraka, kila ghorofa huongeza kama sekunde 0.1 kwenye kipindi cha jengo. Jengo la ghorofa kumi lina kipindi cha sekunde moja hivi likiwa zima. Likianza kupasuka hulegea, kipindi chake hurefuka, nalo husogea kuelekea sekunde mbili, pale pale ardhi inapotikisa kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana mwaka 1985 majengo ya ghorofa 6 hadi 15 yalivunjika kuliko mengine, wakati nyumba nyingi fupi za jirani zilibaki zimesimama juu ya udongo ule ule.

Miaka 32 baadaye, tarehe 19 Septemba 2017, tetemeko la ukubwa wa 7.1 lilitokea karibu zaidi na jiji hilo. Safari hii mitikisiko ya vipindi vifupi ilikuwa na nguvu zaidi, na majengo mengi yaliyoanguka yalikuwa mafupi kuliko yale ya 1985, hasa upande wa magharibi ambako tabaka la udongo ni jembamba. Ardhi ilikuwa ile ile, tetemeko tofauti, na wahanga tofauti. Mtu anayechora ramani moja yenye rangi nyekundu na kijani na kuiita ramani ya hatari hajawaeleza wakazi jambo hili, na wanastahili kulielezwa.

Hatua ya 1: Kusanya yanayojulikana tayari

Usikodi chombo chochote kabla ya kumaliza hatua hii. Taarifa za bure zilizolala kwenye makabati huwa nyingi kuliko mtu anavyodhani.

Tafuta ramani ya jiolojia ya eneo, hata kama ni ya zamani na ya kipimo kidogo. Tafuta kumbukumbu za visima vya maji: mchorongaji wa kisima kwa kawaida huandika alipita kwenye udongo gani na alifikia mwamba kwa kina gani. Nenda kwa wakandarasi wa barabara, madaraja na majengo marefu, uombe ripoti za uchunguzi wa udongo wa miradi iliyokwisha. Kila ripoti iwekee nukta kwenye ramani: mahali, kina cha mwamba, kina cha maji ya ardhini, aina ya udongo.

Kisha tafuta mji ulivyokuwa kabla ya kuwa mji. Picha za zamani za angani na ramani za zamani za upimaji huonyesha vinamasi vilivyokaushwa, mito iliyofukiwa, machimbo yaliyojazwa kifusi na ufukwe uliosogezwa baharini. Sehemu ya mtaa wa Marina huko San Francisco ilikuwa maji yaliyojazwa ili kupata uwanja wa maonyesho ya kimataifa ya mwaka 1915. Tetemeko la Loma Prieta la tarehe 17 Oktoba 1989 lilikuwa na kitovu kwenye milima iliyo kama kilomita 100 kutoka hapo, lakini Marina iliporomoka na kuwaka moto. Kwa mtu anayepita leo mtaa ule ni tambarare safi, hakuna kinachomwambia kwamba anatembea juu ya ghuba. Ramani ya zamani inamwambia.

Zungumza na wazee wa mtaa pia. Waulize maji yalikuwa yanasimama wapi mvua ikinyesha, matofali yalichimbwa wapi, ni nyumba zipi hupasuka kuta kila baada ya miaka michache. Kama eneo limewahi kutikiswa, uliza ni wapi vitu vilianguka kutoka kwenye rafu na ni wapi watu hawakuamka. Majibu hayo si vipimo, lakini yatakuelekeza pa kupima.

Mahali pasipo na taarifa yoyote, kuna ramani za dunia nzima zinazokadiria kasi ya udongo kwa kutumia mteremko wa ardhi, kwa hoja kwamba ardhi tambarare huwa na mashapo laini na ardhi yenye mteremko mkali huwa karibu na mwamba. Zitumie kama dokezo la mwanzo tu. Uwanda wa juu wa lava ni tambarare na ni mgumu, na makadirio ya namna hiyo yanaweza kuusoma vibaya kabisa.

Hatua ya 2: Chora ramani ya kwanza

Italia, baada ya matetemeko mengi, iliweka mwaka 2008 utaratibu wa ngazi tatu, na naupendekeza kwa mji wowote. Ngazi ya kwanza hutumia taarifa zilizopo pamoja na vipimo vyepesi kugawa eneo katika makundi matatu: ardhi imara isiyotarajiwa kukuza mtikisiko, ardhi imara inayoweza kuukuza, na ardhi inayoweza kuvunjika yenyewe kwa maporomoko, kwa mpasuko wa ufa hai au kwa mchanga kugeuka uji. Ngazi ya pili huongeza makadirio ya ukuzaji kwa kutumia majedwali. Ya tatu huingia kwenye hesabu kamili pale panapohitajika.

Faida ya utaratibu huu ni kwamba mji hausubiri miaka mingi ili upate ramani. Ngazi ya kwanza ikiisha, tayari unajua shule ipi mpya isijengwe mahali ilipopangwa.

Hatua ya 3: Sikiliza ardhi ikiwa imetulia

Ardhi haitulii kamwe. Mawimbi ya bahari, upepo, magari na mitambo huitikisa kidogo kidogo usiku na mchana, na mtikisiko huo mdogo hubeba alama ya tabaka zilizo chini. Mbinu iliyoenea ni kurekodi mtikisiko huo kwa kipimatetemeko kimoja chenye mielekeo mitatu, kisha kugawanya nguvu ya mielekeo miwili ya ulalo kwa nguvu ya mwelekeo wa wima, masafa kwa masafa (masafa ni idadi ya mitikiso kwa sekunde, nayo hupimwa kwa hezi). Wenye kazi huuita uwiano wa H kwa V; hapa H ni ulalo na V ni wima. Ulipata umaarufu kupitia kazi ya Mjapani Nakamura iliyochapishwa mwaka 1989, baada ya Wajapani wenzake Nogoshi na Igarashi kuutumia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mahali penye udongo laini juu ya mwamba mgumu, mchoro hutoa kilele, na masafa ya kilele hicho huwa karibu sana na masafa asilia ya ardhi.

Panga vituo kwa gridi. Nafasi ya mita 500 inatosha kwa kuanzia. Karibu na mipaka ya jiolojia na kwenye maeneo yenye watu wengi, punguza hadi mita 200 au chini yake. Kila kituo kifanye hivi:

- Weka chombo kwenye ardhi ngumu iliyoshikamana. Epuka majani marefu, tope, vigae vilivyolegea, na sehemu zilizo juu ya mtaro, bomba au chumba cha chini.
- Kaa mbali na miti mirefu na majengo marefu, hasa siku ya upepo. Upepo husukuma mizizi na misingi, na chombo husoma hayo kama mtikisiko wa ardhi.
- Sawazisha chombo kwa pima maji, elekeza alama yake kaskazini, kisha ondoka taratibu.
- Rekodi dakika 30 kama hujui masafa ya mahali. Kilele cha hezi 1 kinahitaji angalau dakika 10, cha hezi 0.5 dakika 20, na cha hezi 0.2 dakika 30.
- Andika kwenye daftari saa, hali ya hewa, aina ya sakafu, magari yaliyopita na mashine zilizo jirani. Daftari hili litakuokoa ofisini.

Ofisini, kata rekodi katika vipande, tupa vile vyenye vishindo vya karibu, kisha chora uwiano. Programu ya bure ya Geopsy hufanya kazi hii vizuri. Kila kipande kiwe na mizunguko isiyopungua kumi ya masafa unayoyatafuta, na jumla ya mizunguko kwenye vipande vyote izidi 200. Kilele chembamba mno, kinachojitokeza kwenye mielekeo yote mitatu kwa wakati mmoja, mara nyingi ni jenereta au pampu. Rudi hapo siku ambayo mashine imezimwa.

Hapa nataka kusisitiza mambo mawili, kwa sababu makosa yake huishia kwenye maamuzi ya ujenzi. Kwanza, urefu wa kilele si kiwango cha ukuzaji. Kilele chenye thamani ya 6 hakimaanishi kwamba tetemeko litakuzwa mara sita. Chukua masafa yake kwa imani, urefu wake uchukue kama dalili ya tofauti kati ya udongo na mwamba. Pili, mchoro ulionyooka bila kilele si hati ya kuthibitisha mwamba. Udongo unaokuwa mgumu polepole kadiri unavyoshuka, bila mpaka mkali, nao hutoa mchoro ulionyooka.

Kama unaweza kuacha vyombo kwa miezi kadhaa mahali penye matetemeko madogo ya mara kwa mara, fanya hivyo: kimoja juu ya mwamba, vingine juu ya udongo. Kulinganisha tetemeko lile lile kwenye vituo hivyo ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote za kupata ukuzaji halisi, kwani inapima kile kile unachotaka kukijua.

Hatua ya 4: Pima kasi ya udongo

Masafa yakijulikana, bado kuna mambo mawili yaliyofungana, unene na kasi. Tabaka nene ambamo mawimbi hupita kwa kasi na tabaka jembamba ambamo hupita polepole vinaweza kutoa kilele kimoja. Kuvitenganisha kunahitaji kipimo cha kasi.

Njia nafuu mjini ni ya mawimbi ya juu ya ardhi. Panga jiofoni 24 (vipokezi vidogo vya mtikisiko) kwenye mstari ulionyooka, kila moja mita 1 hadi 3 kutoka kwa mwenzake, piga bamba la chuma kwa nyundo nzito upande mmoja, rudia mara kadhaa, kisha hamia upande wa pili. Mawimbi marefu hupita chini zaidi na mafupi hubaki juu, kwa hiyo tofauti za kasi zao hukupa kasi ya tabaka kwa kina. Kwa nyundo utafika mita 20 hadi 30. Kwenda chini zaidi, tumia mpangilio wa duara wa vipimatetemeko vinavyorekodi mtikisiko wa kawaida wa mji. Kumbuka kwamba rekodi moja inaweza kuelezwa na tabaka tofauti tofauti. Ibane kwa masafa ya Hatua ya 3 na kwa angalau shimo moja la uchorongaji.

Kutokana na kasi hizo hukokotolewa Vs30, kasi ya wastani ya mita 30 za juu, ambayo kanuni nyingi za ujenzi huitumia. Chukua mfano wa mita 6 zenye kasi ya 120, mita 14 zenye 200, na mita 10 zenye 400. Usichukue wastani wa kawaida. Jumlisha muda wa safari:

6/120 + 14/200 + 10/400 = 0.050 + 0.070 + 0.025 = sekunde 0.145

Vs30 = 30 ÷ 0.145 = mita 207 kwa sekunde

Wastani wa kawaida ungekupa 251 na kufanya ardhi ionekane ngumu kuliko ilivyo. Kwa kanuni ya Ulaya, juu ya 800 ni daraja A, 360 hadi 800 ni B, 180 hadi 360 ni C, chini ya 180 ni D. Mfano wetu ni C.

Kama mwamba uko kwenye mita hizo 30, kipindi cha ardhi ni mara nne ya muda wa safari, yaani sekunde 0.58, na kilele chako kinapaswa kuonekana karibu na hezi 1.7. Kisipokuwa hapo, kuna kitu umekosea au kuna kitu chini hujakijua. Sasa fikiria mahali pengine penye mita 30 za juu zile zile, lakini mashapo yakaendelea hadi mita 200 kwa kasi ya wastani ya 500. Kipindi kinakuwa sekunde 1.6. Vs30 ni ile ile, daraja ni lile lile, lakini mahali pa kwanza panatishia ghorofa tano au sita, pa pili panatishia ghorofa kumi na tano. Kwa sababu hii, usikubali ramani ya mji yenye Vs30 peke yake. Dai kina cha mwamba na kipindi cha ardhi viwepo pia.

Hatua ya 5: Angalia umbo la bonde na la mlima

Hesabu zote za juu zinachukulia tabaka ziko bapa, lakini miji mingi iko kwenye mabonde. Mwaka 1995 huko Kobe, Japani, uharibifu mkubwa ulijipanga kwenye ukanda mwembamba uliofuata ukingo wa bonde, ambako mawimbi yaliyopanda kutoka chini yalikutana na yale yaliyoingia kutoka ubavuni. Ukiona mwamba unashuka ghafla chini ya mashapo, ongeza vituo pande zote za mteremko huo na usiamini hesabu ya safu moja.

Miinuko nayo ina mambo yake. Katika tetemeko la Haiti la Januari 2010, baadhi ya maeneo yaliyo juu ya kilima huko Port-au-Prince yalitikisika zaidi ya bonde lililo chini. Weka alama kwenye vilele vyembamba na kingo za magenge.

Hatua ya 6: Tafuta mchanga unaoweza kugeuka uji

Mchanga uliolegea na kulowa, ukitikiswa, chembe zake hujaribu kubanana. Maji hayana pa kutokea kwa haraka, shinikizo lake hupanda, na udongo hupoteza nguvu. Niigata mwaka 1964 majengo ya ghorofa yalilala ubavu yakiwa karibu mazima. Christchurch mwaka 2011 mitaa mizima ilifunikwa tope na mchanga, na maelfu ya nyumba hatimaye zikaachwa.

Tafuta mambo matatu kwa pamoja: mashapo machanga ya mto, pwani au kifusi, maji ya ardhini yaliyo karibu na uso, na mchanga uliolegea ndani ya mita 15 hadi 20 za juu. Kipimo cha kawaida ni kile cha nyundo ya kilo 63.5 inayoangushwa kutoka milimita 760, ukihesabu mapigo yanayozamisha kifaa milimita 300. Rekebisha idadi kwa uzito wa udongo ulio juu na kwa nishati ya nyundo. Baada ya marekebisho hayo, mchanga safi unaozidi mapigo 30 kwa kawaida huhesabiwa salama. Pima kina cha maji ya ardhini mwishoni mwa msimu wa mvua. Kipimo cha kiangazi kitakupa faraja ya uongo.

Hatua ya 7: Kokotoa mwitikio kwa tetemeko kubwa

Mtikisiko mdogo hauelezi yote, kwani udongo ukitikiswa kwa nguvu hulegea na kumeza nishati zaidi. Mara nyingi kipindi hurefuka na ukuzaji wa mitikisiko mifupi hushuka. Udongo mfinyanzi wenye unyumbufu mkubwa, kama ule wa Mexico, ni tofauti: hubaki karibu na tabia yake ya awali hata mtikisiko ukiwa mkali, na ndiyo sababu mojawapo ya maafa yale.

Chagua rekodi kadhaa za matetemeko zilizopimwa juu ya mwamba, zinazofanana na tishio la eneo lako kwa ukubwa na umbali: la karibu na la wastani, kisha la mbali na kubwa. Ziingize chini ya safu yako ya udongo kwenye programu ya mwitikio, rudia kwa kasi zilizopandishwa na kushushwa kulingana na mashaka ya vipimo, kisha toa matokeo kama kiwango cha chini, cha kati na cha juu.

Hatua ya 8: Weka watu na majengo juu ya ramani

Hesabu majengo kwa idadi ya ghorofa na aina ya ujenzi. Kwa hospitali, shule na vituo vya zimamoto usikadirie: weka kipimatetemeko kwenye paa kwa dakika chache upate kipindi halisi. Kisha linganisha. Jengo ambalo kipindi chake kiko sawa na cha ardhi, au kifupi kidogo, liende juu ya orodha ya ukaguzi, kwa kuwa likilegea litaingia kwenye resonansi.

Toa ramani kadhaa, si moja: kipindi cha ardhi, kina cha mwamba, ukuzaji kwa vipindi vifupi, ukuzaji kwa vipindi virefu, na maeneo yanayoweza kuvunjika. Kila kanda iwe na maelezo ya vipimo vingapi vimeiunga mkono na imani uliyo nayo. Onyesha nukta za vipimo waziwazi, ili anayesoma aone palipopimwa na palipokisiwa. Eleza kwa maandishi kwamba ramani hii haichukui nafasi ya uchunguzi wa kiwanja kimoja kimoja.

Mwisho, omba manispaa iweke sharti kwamba kila shimo la uchorongaji linalochimbwa kwa ajili ya kibali cha ujenzi liwasilishwe kwenye hifadhi moja ya pamoja. Kila shimo jipya likaguliwe dhidi ya ramani, na linapopingana nayo, kanda hiyo ipimwe upya.